Dawa za wasiwasi hazimgeuzi mtu teja

Wengi wanaoandikiwa setralini au fluoksetini kwa ajili ya wasiwasi uliopitiliza huambiwa na jirani: "Ukianza hizo, umekwisha, utazinywa hadi kaburini." Maneno haya yamewanyima watu wengi nafuu, nami yananiuma.

Uvumi huo una chanzo chake. Diazepamu, dawa nyingine ya wasiwasi ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium, hutuliza ndani ya saa moja hivi, na ukiitumia kila siku kwa wiki kadhaa mwili huizoea na kuidai. Setralini ni dawa ya kundi jingine. Hailevyi, wala haikufanyi utamani kuongeza dozi.

Tatizo lake ni kwamba huanza kwa kuudhi. Daktari huanza na dozi ndogo, mara nyingi miligramu 25, kisha 50. Siku za mwanzo unaweza kupata kichefuchefu, kuharisha kidogo, usingizi wa mang'amung'amu, hata wasiwasi kupanda kabla ya kushuka. Hapo ndipo wengi huitupa. Kumbe nafuu huja taratibu, kwa kawaida kati ya wiki ya 2 na ya 6. Kichefuchefu hupungua ukiinywa baada ya chakula.

Mawazo ya kujidhuru yakijitokeza, hasa kwa walio chini ya miaka 25, mwone daktari siku hiyohiyo.

Na kuacha kunawezekana, ila usikate ghafla: kizunguzungu na hasira vinaweza kukuandama. Daktari hupunguza dozi kidogokidogo, kwa wiki au miezi.