Senene si nzige, wala si chakula cha njaa

Novemba ikifika Bukoba na mvua zikishakolea, jioni watu hutazama taa kuliko wanavyotazama njia. Senene wa kwanza, wale panzi wa kijani tunaowala, wakianza kurukaruka chini ya nguzo, watoto hukimbilia ndani kuchukua ndoo na chupa. Mimi nimekulia humo. Ndiyo maana huwa naumia nikisikia watu wakisema "Wahaya wanakula wadudu" kwa sauti ya kuonea huruma, maana nyuma ya maneno hayo kuna makosa kadhaa, na moja linaweza kumdhuru mtu.

Nianze na hilo: kwamba senene na nzige ni kitu kimoja. Hapana. Mchukue senene mmoja umweke kiganjani. Kichwa chake kimechongoka mbele, na vipapasio vyake ni vyembamba kama nyuzi, virefu kupita mwili. Nzige ana vipapasio vifupi na vinene. Wataalamu humwita senene Ruspolia differens, na wanamweka katika familia nyingine kabisa, mbali na nzige wa jangwani. Senene hula nyasi na nafaka changa, lakini hatui shambani kwa mabilioni na kuliacha jeupe. Tofauti hii ina uzito. Nzige walipoingia Kenya mwishoni mwa 2019 na Uganda mwanzoni mwa 2020, serikali zilipambana nao kwa kuwanyunyizia sumu, ndege zikitumika pia. Mtu aliyeokota nzige wa namna hiyo akidhani amepata "senene wakubwa" alikuwa anapeleka sumu jikoni.

Halafu kuna hili la kwamba wa kijani na wa kahawia ni aina mbili, na kila mtu sokoni anakuapia wake ndio watamu. Ni aina moja, rangi tu zinatofautiana, na mara chache utakutana na mwenye zambarau.

Wengine wanaamini senene wanashuka na mvua kutoka mbinguni. Naelewa kwa nini: jana hapakuwa na kitu, leo anga limejaa. Ukweli ni kwamba wanazaliana kwenye nyasi, na mvua ikichipusha nyasi wanaongezeka, kisha wanaruka kwa makundi usiku na kuvutwa na mwanga. Kwetu misimu ni miwili, Novemba hadi Desemba, na mwingine mdogo karibu na Aprili na Mei. Kwa kuwa hufuata mwanga, pale Masaka, Uganda, wakamataji husimamisha mabati marefu yaliyoinama, wakawasha taa kali juu na kufukiza moshi wa nyasi mbichi. Senene wakigonga bati wanateleza hadi kwenye pipa. Kazi hiyo si ya mchezo: mwanga ule unaumiza macho, na pamoja na senene huja kijidudu chenye majimaji yanayobabua ngozi.

Dhana inayoniudhi zaidi ni kwamba hiki ni chakula cha wasio na nyama. Msimu ukiwa hafifu, kilo ya senene inauzwa ghali kuliko kilo ya ng'ombe, na wanunuzi hawakosekani. Kifurushi cha senene waliokaushwa ndicho Mhaya anachomletea ndugu yake Dar es Salaam, na kinapokelewa kwa mikono miwili. Zamani, huku kwetu na Buganda, mwanamke aliwakamata, akawanyonyoa, akawapika, lakini mwenyewe hakula. Aliambiwa akila atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama cha senene. Kule Buganda, mke aliyemkusanyia mumewe senene wengi alistahili kununuliwa gomesi mpya, lile gauni refu la heshima la wanawake wa huko. Kitu wanaume walichojiwekea wenyewe na kukitungia vitisho hakikuwa chakula cha shida. Kitisho chenyewe kilikuwa uongo mtupu, na leo bibi na wajukuu wanakula bakuli moja.

Na lishe? Senene mkavu, zaidi ya theluthi ya uzito wake ni protini, na mafuta yanakaribia nusu. Hilo huhitaji maabara kuliona. Ukishawanyonyoa mabawa na miguu (paka majivu vidoleni, wasiteleze), waoshe, waweke kwenye kikaango kikavu bila tone la mafuta. Kwanza watatoa maji, kisha wataanza kuchirizika mafuta yao wenyewe, na hayo ndiyo yatakayowakaanga hadi wawe rangi ya dhahabu. Chumvi, kitunguu, basi. Anayewamiminia nusu kikombe cha mafuta ya kupikia hajafundishwa.

Wapo pia wanaodhani kula wadudu ni jambo letu peke yetu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2013 kwamba wadudu wamo katika mlo wa watu wapatao bilioni 2, na Umoja wa Ulaya ulianza kuruhusu baadhi yao kuuzwa kama chakula mwaka 2021.

Nasi tunaowapenda tuna dhana yetu: kwamba senene hamdhuru mtu. Anayedhurika akila kamba au kaa anaweza kudhurika na senene vilevile, kwa kuwa wana protini zinazofanana. Avimbe midomo, awashwe mwili mzima, hata kifua kimbane. Mgeni akikuambia kamba humsumbua, mpe ndizi na maharage, na bakuli la senene liweke mbali naye.