Fistula: kupitia "chini" na kupitia tumboni maana yake nini

Mama mdogo kanipigia kutoka Mpwapwa, binti wa jirani yake anavuja mkojo tangu ajifungue na sasa kaambiwa atafanyiwa operesheni ya kupitia chini. Akaniuliza, mwanangu, kibofu si kiko tumboni, huko chini wanafikaje?

Iko hivi. Fistula hii ni tundu kati ya kibofu na uke. Huku kwetu mara nyingi inaletwa na uchungu wa muda mrefu, kichwa cha mtoto kinakwama kinabana kibofu kwenye mfupa, nyama inakosa damu inakufa, siku kadhaa baadaye inabanduka na mkojo unaanza kujitokea wenyewe usiku na mchana. Nyingine inatokana na kisu, mfano wakati wa kutoa kizazi. Kurogwa hakuhusiki hapo.

Likiwahiwa likiwa bado dogo, mpira wa mkojo peke yake ukikaa wiki kadhaa unaweza kuliziba. Likishakomaa ni kushona.

Sasa kibofu na uke vimepakana ukuta kwa ukuta, ndo maana matundu mengi yanafikiwa kwa chini. Mgonjwa anachomwa ganzi ya mgongo, analazwa chali miguu imeinuliwa, daktari anaachanisha kibofu na uke pale vilipogandana halafu anashona kila kimoja kivyake, kisha anajaza maji ya bluu kibofuni aone kama kuna panapovuja. Nyama ikiwa chakavu wengine wanavuta kipande cha mafuta kutoka shavu la uke wanakiweka katikati, mbinu ya Mjerumani Martius tangu 1928. Tumbo halichanwi na mtu anaamka mapema. Tumboni wanapitia tundu likiwa juu sana, au limesogelea mirija inayotoka kwenye figo, au uke umekaza kwa makovu.

Baada ya hapo kazi ni mpira, tena hapa ndo watu wanazembea. Tundu la kawaida WHO wanasema mpira ukae siku 7 hadi 10. Mpira ukikunjwa chini ya paja mkojo hauna pa kwenda, kibofu kinajaa na nyuzi zinavutika, kwa hiyo shuka likiloa kagua mpira kwanza kabla hujaanza kulia.

Kupona je? Matundu mepesi karibu 9 kati ya 10 yanaziba, na operesheni ya kwanza ndo yenye nafasi nzuri, kila ukirudia kovu linaongezeka. Ila kuziba na kukauka ni vitu viwili, wapo ambao tundu limeziba vizuri kabisa na bado wakikohoa wanalowa kwa sababu ule msuli wa kubana mkojo uliumia, hao wanahitaji mazoezi au matibabu mengine. Tendo la ndoa asubiri miezi 3 hivi, na mimba ijayo azalie hospitali, mara nyingi kwa operesheni.

Mama mdogo akauliza tena, kwenye basi atakaaje na huo mpira? Nikamwambia mpira kwa kawaida wanautoa kabla hawajamruhusu, abebe khanga mbili tu.