Kifukuza mbu na muda wake wa kinga

Kifukuza mbu ni kitu chochote kinachomfanya mbu asitue kwa mtu, au akitua aruke kabla ya kuuma. Si lazima kimuue. Dawa iliyomo kwenye chandarua, au ile inayopulizwa ukutani, inamngoja mbu atue ili imuue. Kifukuza kinamwacha aende zake akiwa mzima na njaa yake, akatafute damu kwingine. Tena kina saa zake. Kikishapungua kwenye ngozi, mbu anarudi. Saa hizo ndizo zinazoitwa muda wa kinga, na ndizo za kuangalia kwanza unaponunua dawa ya kujipaka, kabla ya harufu na kabla ya bei.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2009 unaeleza namna ya kuupima muda huo. Mbu jike 200 hadi 250 ambao hawajanywa damu wanawekwa kwenye kizimba cha wavu chenye sentimita 35 hadi 40 kila upande. Mtu aliyejitolea anapakwa dawa kuanzia kifundo cha mkono hadi kiwiko, mililita 1 kwa kila sentimita za mraba 600 za ngozi, na kiganja kinavishwa glavu. Kwanza anaingiza mkono usiopakwa, ili kuhakikisha mbu wana hamu ya kuuma. Ule uliopakwa unaingizwa kwa dakika 3, unatolewa, na zoezi linarudiwa kila nusu saa au kila saa. Mbu wa kwanza akitua na kujaribu kuuma, muda wa kinga umekwisha.

Nje ya maabara mambo ni magumu zaidi. Jasho linaisukuma dawa, joto linaifanya ipae upesi, mkeka na nguo vinaifuta. Ndiyo maana watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Afya Ifakara, huzipima pia kwa watu waliokaa nje usiku, na hapo hesabu huwa ya asilimia. Tuseme miguu isiyopakwa imetuliwa na mbu 40 na iliyopakwa imetuliwa na 4: ufanisi ni asilimia 90. Kwa hiyo saa zilizoandikwa kwenye chupa zichukue kama kikomo cha juu. Kwa joto la Dodoma la Oktoba na Novemba, na kwa mtu anayetoka jasho, paka tena mapema.

Kiambato chenye rekodi ndefu kuliko vingine ni DEET, iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi la Marekani mwaka 1946. Mbu humtafuta mtu kwa kufuata kaboni dioksidi anayoitoa kwa pumzi, harufu ya mwili na joto. DEET inavuruga kunusa huko, na mbu akijaribu kutua anaihisi kwa miguu yake, anaruka. Kiwango kinabadilisha muda: asilimia 10 hukinga kwa takriban saa 2, asilimia 30 kwa takriban saa 5. Ukipita asilimia 50 muda hauongezeki sana. Kiambato kingine, ikaridini, kikiwa cha asilimia 20 kinashindana nayo vizuri na hakiharibu plastiki. DEET inaharibu plastiki, kwa hiyo futa vidole kabla ya kushika miwani au simu. Mafuta ya mchaichai na kivumbasi yanafukuza kweli, ila hupaa haraka. Mara nyingi hayafiki saa 2. Chupa isiyotaja kiambato wala asilimia yake iache dukani.

Sasa kiasi, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Kifukuza cha kujipaka kinalinda pale kilipopakwa tu. Ukiacha kiraka cha ngozi kwenye kisigino, mbu atakuuma hapo hapo. Mbu wa malaria huruka chini, na mtu akikaa kitini au kwenye mkeka huumwa zaidi chini ya magoti. Miguu yote miwili ya mtu mzima, kuanzia magotini hadi vidoleni, ina ngozi ya takriban sentimita za mraba 3,500. Kwa kipimo cha maabara hiyo ni karibu mililita 6, yaani kijiko cha chai kilichojaa na kidogo juu yake. Chupa ya mililita 100 inatosha mara 16 au 17. Anayesema chupa yake inamtosha miezi mitatu ya kila jioni anajipaka kidogo mno. Kama unatumia mafuta ya mwili, yatangulie, yakauke, ndipo kifukuza kifuate. Dawa nyingi zina spiriti, kwa hiyo usijipakie karibu na jiko la mkaa.

Watoto wapakwe na mtu mzima, tena si viganjani, maana viganja vinaingia mdomoni na machoni. DEET haifai kwa mtoto wa chini ya miezi miwili.

Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria ya chini nchini, na hilo lina upande wake mbaya: watu wengi waliokulia hapa hawana kinga ya mwili kama ya mtu wa Kigoma au Geita, hivyo hata mtu mzima anaweza kuugua vibaya. Katika ukanda mkavu kama huu kuna Anopheles arabiensis, mbu wa malaria anayeuma watu na ng'ombe, ndani na nje. Mashamba ya mpunga ya Bahi na kingo za bwawa la Hombolo ni maji ya aina anayoipenda kuzalia. Chandarua kinamlinda aliyelala. Mlinzi wa usiku, mama anayepika uani saa 2 usiku na mkulima anayemwagilia jioni hawajafika kitandani, na saa hizo ndizo za kifukuza.

Lakini rudi kwa yule mbu mwenye njaa. Utafiti uliofanywa Tanzania ulionyesha kuwa pale ambapo baadhi ya kaya zinajipaka na nyingine hazijipaki, mbu huongezeka kwa wasiojipaka. Hilo, pamoja na watu kuchoka kujipaka kila jioni, ni sababu nzito ya dawa hizi kutotegemewa kama kinga ya kijiji kizima. Mnaokaa uani pamoja, jipakeni wote.

Ugumu huo umewapeleka watafiti kwenye vifukuza vya eneo, ambavyo havipakwi. Ifakara walijaribu vitambaa vya gunia vilivyoloweshwa transfluthrini, dawa inayopaa yenyewe bila moto, na vikazuia mbu kwa miezi kadhaa. Huko Busia, Kenya, vifukuza vya aina hii vilivyotundikwa ndani ya nyumba vilipunguza maambukizi kwa takriban theluthi moja, na mwaka 2025 WHO ilivipendekeza kwa masharti, chandarua kikibaki palepale. Uani, adui wa vifukuza hivi ni upepo, na Dodoma haikosi upepo. Ukitundika upande ambao upepo unaelekea, mvuke unakwenda kwa jirani. Tundika upande unakotokea, upite mnapokaa.