Chuo cha Utumishi kinafundisha nini hasa?

Kila dirisha la udahili likifunguliwa, wazazi wa Ngamiani, hapa Tanga, hunisimamisha barabarani: "Mwalimu, mtoto akimaliza Chuo cha Utumishi, serikali inamchukua moja kwa moja?" Haimchukui. Atajisajili kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, ataomba nafasi ikitangazwa, atafanya usaili pamoja na waliosoma kwingine, na mwenye alama ndiye atakayepangiwa kituo. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna watu wanauza shamba la minazi kwa ahadi ambayo hakuna chuo kilichoitoa.

Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania ni wakala wa serikali. Kilianzishwa mwaka 2000, chini ya Sheria ya Wakala za Serikali ya 1997, kwa kuunganisha kituo cha mafunzo ya watumishi cha Magogoni, Dar es Salaam, na Chuo cha Uhazili, yaani kazi ya ukatibu muhtasi, cha Tabora. Kina kampasi pia Mtwara, Singida, Mbeya na hapa Tanga. Wanaosoma ni wa aina mbili, na watu huwachanganya. Wapo vijana waliotoka sekondari, wanaochukua astashahada na stashahada za utunzaji kumbukumbu, uhazili, utawala wa umma na nyinginezo. Wapo pia watumishi walioko kazini, wanaokuja kwa kozi fupi na mafunzo elekezi. Mwajiriwa mpya hukaa katika majaribio mwaka mmoja kabla ya kuthibitishwa, na muda huo ndio wa kuijua Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002, kanuni zake na Kanuni za Kudumu, kabla kosa halijamfundisha.

Fani yangu ni kumbukumbu, kwa hiyo mniwie radhi nikivutia upande wangu. Kozi za uongozi ndizo zinazojaza ukumbi, lakini kwa maoni yangu kitu kikubwa anachoweza kujifunza mtumishi ni kuandika dokezo, yaani maelezo mafupi ya kiofisi yenye hoja na pendekezo kwa mkuu wake.

Chukua barua ya mwananchi wa Pongwe anayelalamikia mpaka wa kiwanja. Inafika masjala, ofisi inayotunza majalada, inagongwa muhuri wa tarehe, inaingizwa kwenye daftari la barua zinazoingia, kisha inawekwa kwenye jalada lake. Barua zinakaa upande wa kulia, kila moja na namba yake ya folio kwenye kona. Madokezo yanakaa kushoto. Afisa akilipokea jalada, hatakiwi kumfuata mkuu wake koridoni kumsimulia. Anaandika: folio 14 yahusu, mlalamikaji anadai hivi, ramani iliyopo folio 6 inaonyesha vile, mwaka juzi mpimaji alikwenda na taarifa yake ni folio 9, napendekeza tupime upya, na gharama yake itatoka kifungu fulani. Anasaini, anaandika cheo na tarehe. Mkuu akikubali anaandika chini yake, akikataa anaandika sababu.

Sasa fungua majalada mengi uone kilichoandikwa kushoto. "Kwa hatua zako." "Tafadhali shughulikia." "Tuongee." Hilo la "tuongee" ndilo linaloniudhi kupita yote. Waliongea nini? Baada ya miaka mitatu afisa amehamishiwa Handeni, mkuu amestaafu, na mlalamikaji yuko dirishani na nakala ya barua yake. Aliyepo hajui kama mpaka ulipimwa au haukupimwa, basi anamwambia aandike upya. Wananchi huita usumbufu wa namna hii rushwa, na mara nyingine ni rushwa kweli, lakini mara nyingi ni jalada bubu tu.

Tanga haikuanza jana kufundisha makarani. Wajerumani walifungua shule yao hapa mwaka 1892, isiyo ya misheni, maana Waislamu wa pwani wasingepeleka watoto kwa mapadri. Ilitoa makarani, walimu na maakida, yaani watawala wadogo wa maeneo, waliosambazwa hadi bara, na gazeti la Kiongozi likichapwa papo hapo shuleni. Waingereza walipoingia wakakuta utawala unaweza kuandikiana na maakida na majumbe kwa Kiswahili. Mwaka 1922 Martin Kayamba, Mbondei aliyezaliwa Unguja, aliongoza kuanzishwa mjini hapa kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali; mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge kuhusu kuunganisha nchi za Afrika Mashariki. Karani wa Tanga huyo, si mtu mdogo.

Ndiyo maana suala la lugha linanisumbua. Tangu 1967 shughuli za serikali zimetakiwa ziendeshwe kwa Kiswahili, na majalada mengi ya halmashauri ni ya Kiswahili. Lakini mitihani mingi ya ngazi za astashahada na stashahada ni ya Kiingereza. Kijana anakariri maelezo ya mawasiliano ya ofisini, anafaulu, kisha siku ya kwanza kazini anaambiwa aandae dokezo sabili, yaani lile la karatasi ya peke yake nje ya jalada, na anakwama kwenye sentensi ya pili. Mimi huwapa zoezi la kuandika kwa Kiswahili hata kama halina alama, na wanalalamika kweli kweli.

Siku hizi ofisi nyingi zinahamia kwenye ofisi mtandao. Folio ni faili la kompyuta, na dokezo linachapwa. Uandishi haujabadilika, ila mfumo unaonyesha jalada liko kwa nani na limekaa siku ngapi. Vijana wa masjala wanaupenda mno kwa hilo, kwani zamani jalada likipotea walaumiwa walikuwa wao. Wakuu wengine bado wanaomba waletewe karatasi.