Kipimo cha kingamwili hakimtaji kila fangasi wa ngozi kwa jina

Wengi hudhani kwamba mgonjwa wa choa au mapunye akitolewa damu, maabara itataja spishi ya fangasi aliyemshambulia. Sivyo. Katika kazi ya kuainisha, anayepimwa ni fangasi mwenyewe: magamba ya ngozi hukwanguliwa, vimelea huoteshwa kwenye agari ya Sabouraud, rojo la kuoteshea fangasi, hata kwa wiki kadhaa, kisha dondoo la fangasi huyo hukutanishwa na seramu, yaani majimaji ya damu yenye kingamwili, ya sungura aliyechanjwa kwa spishi inayojulikana. Fangasi hawa huishi katika tabaka lililokufa la ngozi, kwenye nywele na kucha, kwa hiyo damu ya mgonjwa haina mengi ya kusema juu yao.

Dhana inayopotosha zaidi ni kwamba mstari ukionekana, spishi imepatikana. Kwenye sahani nyingine ya agari hutobolewa vishimo, seramu ikawekwa katikati na madondoo ya fangasi pembeni. Vimiminika hivyo husambaa polepole, na pale antijeni, yaani kitu cha fangasi kinachotambuliwa na kingamwili, inapokutana na kingamwili yake kwa uwiano unaofaa, mstari mweupe hujitokeza baada ya siku moja au mbili. Lakini Trichophyton, Microsporum na Epidermophyton, jenasi tatu za fangasi hawa, zina antijeni nyingi za pamoja, hivyo seramu ya Trichophyton rubrum huweza kutoa mstari hata mbele ya Trichophyton mentagrophytes. Cha kusomwa ni namna mistari ya vishimo jirani inavyokutana: ikiungana kabisa, antijeni ni ileile, mmoja ukichomoza mkia kupita mwenzake, zinafanana kwa sehemu tu. Ndiyo maana seramu huchanganywa kwanza na antijeni za spishi jirani ili kingamwili za pamoja ziondolewe, kazi ya kuchosha ambayo pia huidhoofisha seramu yenyewe.

Uvimbe unaotokea baada ya kudungwa trikofitini, dondoo la fangasi hawa linalodungwa kwenye ngozi, nao hauthibitishi maambukizi ya sasa; huonyesha tu kwamba mwili umewahi kukutana na fangasi wa kundi hili.

Wala si kweli kwamba mpangilio wa majina tulio nao umetokana na kingamwili. Chester Emmons, mtaalamu wa fangasi wa Marekani, aliujenga wake wa mwaka 1934 juu ya umbo la spora, na ule wa 2017, uliomhamisha Microsporum gypseum na kumwita Nannizzia gypsea, unategemea DNA. Kingamwili zimebaki na manufaa penye swali jepesi zaidi: vijiti vya kupimia kucha vinavyotumika Japani hueleza kama fangasi wa kundi hili yupo, bila kutaja spishi.