Kocha aliyekuwa akiuguza: namna ya kurudi kiwanjani

Kuuguza si mapumziko. Natanguliza hilo kwa sababu timu nyingi za mitaani hapa Unguja hulihesabu kinyume. Mwalimu kakaa nyumbani miezi minne na mzazi aliyepatwa na kiharusi. Siku anayorudi anakabidhiwa timu nzima, ati nguvu zimesharudi. Ukweli ni kwamba aliondoka kiwanjani kashachoka, akaingia kwenye kazi nzito zaidi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa 2, usiku na mchana, ili asipate vidonda. Aliyeifanya kazi hiyo wiki kadhaa hana akiba ya usingizi wala ya subira, na kazi ya kufundisha watoto inaendeshwa kwa subira.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, linaueleza uchovu wa kazi kama hali inayotokana na msongo wa kazini uliodumu muda mrefu bila kushughulikiwa. Uchovu huo una alama tatu: nguvu kwisha, moyo kuikimbia kazi, na kuona kila unachofanya hakina faida. Kwa kocha alama hizo zina sura zake. Unatazama mawingu saa 9 mchana na kuombea mvua inyeshe ili mazoezi yavunjike. Unasahau jina la mtoto uliyemfundisha misimu miwili. Unapiga kelele kwa kosa la pasi ambalo zamani ungelisahihisha kwa mkono begani.

Ushauri wangu wote umejengwa juu ya jambo moja: kocha arudishwe kama anavyorudishwa mchezaji aliyechanika msuli wa nyuma ya paja. Mchezaji huyo huanza kwa kukimbia taratibu, kisha anaongeza kasi, kisha anageuka na kupiga shuti, ndipo anapewa mechi. Akiruka hatua, msuli unachanika palepale.

Wiki mbili za mwanzo, kocha aje siku moja kwa wiki, dakika 45, bila filimbi. Apange koni, awasalimie watoto, aondoke kabla ya mazoezi kwisha. Wiki ya 3 na ya 4 apewe kipande kimoja cha dakika 15. Wiki ya 5 na ya 6 aongoze zoezi zima mara moja kwa wiki, na wiki ya 7 na ya 8 mara mbili. Mechi ianze wiki ya 9, naye akae benchi kama msaidizi. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kumrudisha siku ya mechi, tena ya watani wa jadi, kwa nia njema ya kumpa moyo.

Zoezi lake la kwanza liwe jepesi kuandaa. Kwa watoto 18 anahitaji mipira 6, koni 16 na vizibao vya rangi mbili. Dakika 10 za kupasha misuli moto, kila watatu na mpira wao. Dakika 15 za pasi ndani ya miraba mitatu ya mita 10 kwa 10, wanne nje na wawili kati, wanaokaba wakibadilishwa kila dakika moja na nusu. Kisha timu tatu za watu sita, timu ya tatu bila vizibao, kwenye kiwanja cha mita 40 kwa 30: mechi tatu za dakika 5, kila timu ikutane na mwenzake. Dakika 5 za maji, dakika 20 za tisa kwa tisa, na 10 za kunyoosha viungo na kukusanya vifaa. Jumla 75. Katika muda wote huo asahihishe jambo moja tu, tuseme kufungua mwili kabla ya kupokea mpira. Kocha aliyechoka huona makosa kumi kwa pamoja, akayataja yote, na hakuna mtoto anayeshika hata moja.

Zile dakika 75 sikuzitoa hewani. Kama kocha bado anauguza na ana saa 2 kabla ya kumgeuza tena mgonjwa, ana dakika 120. Robo saa kwenda, robo saa kurudi, 75 za mazoezi: zinabaki 15, na hizo atazimaliza mzazi anayetaka kujua kwa nini mwanawe hapangwi. Kiwanja kikiwa mbali zaidi ya hapo, mazoezi yapunguzwe hadi 60. Na kama mgonjwa anasafishwa damu, aghalabu mara tatu kwa wiki kwa muda wa saa 4 hivi kila mara, siku hizo zisipangiwe mpira kabisa.

Msimu nao una neno lake. Kipupwe, kuanzia Juni, ndicho kipindi kizuri cha kuanza. Ukianza katika masika, kiwanja kinajaa maji, wiki mbili zinapotea, na ile ngazi ya wiki nane inavunjika. Mwanamke kocha aliyefiwa na mume, hesabu yake ianze baada ya eda ya miezi 4 na siku 10. Timu isimsumbue kwa simu kabla ya hapo.

Watoto watamuuliza. "Mwalimu, bi mkubwa anaendeleaje?" Ajibu kweli na kwa ufupi: "Alhamdulillahi, anaendelea. Leo niko nanyi mpaka saa 11 na nusu." Saa aliyoitaja ikifika, aondoke, hata kama mechi iko sare.

Akiombea mvua mara tatu mfululizo, arudi hatua moja nyuma kwa wiki mbili. Usingizi na hamu ya chakula vikitoweka kwa wiki mbili hata siku asizofundisha, aende kituo cha afya. Hapo ratiba ya mpira haitoshi.

Sasa lile ninaloliona zito kuliko yote. Kinachomvunja kocha wa mtaani mara nyingi kiko nje ya mstari wa kiwanja: kufua jezi, kukusanya nauli ya gari ya kwenda mechi, kutafuta pesa ya mwamuzi, kujibu ujumbe wa kundi la WhatsApp saa 5 usiku, kumfuata kipa kwao baada ya chuo cha Kurani. Mrudishieni mpira kwanza. Jezi zipewe mzazi mmoja, nauli apewe mwengine, ujumbe wa simu ujibiwe na nahodha wa wakubwa mpaka saa 2 usiku. Ufunguo wa stoo ya mipira ubaki kwa msaidizi hadi msimu unaofuata, maana aliye na ufunguo ndiye anayegongewa mlango alfajiri.