Pedi Mpya Haziponyi Mafuta ya Breki Yaliyochemka

Juma lililopita kijana mmoja alileta gari lake aina ya Noah hapa gereji, Nyakato, Mwanza, na kabla hata sijainua boneti alinionyesha kwenye simu kipande cha video cha mbio za magari za Bathurst. Gari linaingia piti, sehemu ya huduma kando ya barabara ya mbio, mafundi wanalipandisha kwa jeki za hewa, wanachomoa pedi za mbele, vile vipande vinavyobana diski ya chuma inayozunguka na gurudumu, wanasukuma mpya, na gari linaondoka kwa kishindo. "Umeona, fundi?" akasema. "Hata wenzetu breki zikifeli wanabadilisha pedi tu. Niwekee pedi mpya niondoke." Siku iliyotangulia alikuwa ameshuka mteremko wa Bugando akiwa na abiria sita, pedeli ikawa laini ghafla, ikazama hadi chini, akajiokoa kwa breki ya mkono. Alipokaa pembeni kama dakika ishirini, breki zikarudi zenyewe. Nilifungua magurudumu ya mbele, nikakuta pedi zake zimebaki nusu nzima ya unene wa kiwandani.

Hoja hii nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba nimeamua kuiandika, ili safari ijayo nimpe mtu asome wakati mimi naendelea na kazi. Pedi ambayo bado ina nyama, ikirudi kufanya kazi baada ya dakika ishirini bila kuguswa na mtu, haikuwa imekwisha. Pedi haioti tena.

Tuanze na hiyo Bathurst yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayotolewa ushahidi. Mbio hizo hufanyika kila Oktoba kwenye mlima Panorama, jimbo la New South Wales nchini Australia, na kwa saa zetu huanza kabla ya mapambazuko na kumalizika asubuhi. Mzunguko mmoja una urefu wa kilomita 6.213, na madereva wanaopokezana gari moja huuzunguka mara 161 ili kutimiza kilomita 1,000. Kati ya sehemu ya juu kabisa ya barabara hiyo na ya chini kabisa kuna tofauti ya mwinuko wa mita 174, kwa hiyo kila mzunguko gari hupandishwa mlima na kuteremshwa tena. Baada ya kuteremka hufuata barabara iliyonyooka iitwayo Conrod, ambako magari hukaribia kilomita 300 kwa saa kabla dereva hajakanyaga breki.

Watu wengi hudhani kwamba kusimamisha gari lililo kwenye kilomita 300 ni kazi mara tatu ya kusimamisha gari lile lile likiwa kwenye kilomita 100. Ni mara tisa, kwa sababu nguvu ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Nguvu hiyo yote haipotei. Inageuka joto ndani ya diski na pedi, na dereva anairudia mzunguko baada ya mzunguko kwa zaidi ya saa sita. Katika mbio za saa 24 za Nürburgring nchini Ujerumani, zilizoanza mwaka 1970 na ambazo mzunguko wake mmoja ni takribani kilomita 25, jambo hili huonekana kwa macho: usiku gari likifunga breki, diski zake huwaka rangi nyekundu ndani ya rimu kama kaa la mkaa. Chuma kikianza kuonyesha wekundu huo gizani, kimevuka nyuzi 500 za Selsiasi.

Kwa miaka mingi timu nyingi za Bathurst zilikuwa zikipanga kubadilisha pedi za mbele katikati ya mbio. Neno la kuzingatia hapo ni "zikipanga". Mhandisi anajua kabla ya siku ya mbio ni milimita ngapi zinalika kwa mizunguko mingapi, na anachagua kituo ambacho gari litaingia piti hata hivyo kwa ajili ya kujaza tangi la mafuta na kubadilisha matairi. Pedi zile hutolewa zikiwa bado zinafanya kazi. Hakuna aliyezibadilisha kwa sababu breki zimefeli, na breki zikifeli kwa namna ilivyofeli Noah ya kijana wangu, pedi mpya zingewapotezea muda bila kuwapa chochote.

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi hasa. Kwetu breki "zimefeli" ni neno moja linalofunika magonjwa matatu tofauti, na kila ugonjwa una dalili yake chini ya unyayo wa dereva. Ukiniambia zimefeli, hujaniambia kitu. Niambie mguu wako ulihisi nini.

Pedeli ikiwa ngumu, imesimama juu mahali pake, lakini gari halipungui mwendo hata ukikanyaga kwa uzito wako wote, na pua inanusa kuungua, hapo pedi zimepita joto lake. Gundi inayoshikilia unga wa pedi huanza kutoa gesi na uso wa pedi hung'aa kama kioo. Ugonjwa huu mtu anaweza kuutibu kwa pedi bora, na hapa sina ugomvi na mtu.

Pedeli ikiwa laini kama sponji na kuzama, kisha ikarudi baada ya gari kupoa, mafuta ya breki yamechemka. Mafuta hayabanwi, ndiyo maana yanaweza kupeleka nguvu ya mguu wako hadi kwenye kalipa, kifaa chenye pistoni kinachobana pedi kwenye diski. Mvuke unabanwa, kwa hiyo mguu wako unafanya kazi ya kubana mapovu na hakuna kinachofika kwenye gurudumu. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kupitia mipira na kifuniko cha chupa yake, na yakishakuwa na maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 155. Kwa DOT 3 viwango hivyo ni 205 na 140. Timu za mbio hutumia mafuta ambayo yakiwa mapya huvuka nyuzi 300, tena huyabadilisha kabla ya kila mbio. Sisi tunaishi kando ya ziwa, kopo lililofunguliwa linakaa rafuni miezi minane kifuniko kikiwa kimelegea, halafu tunashangaa.

Kuna jambo hapa ambalo dereva wa mbio hufundishwa mapema na dereva wetu haambiwi na mtu. Mafuta mara nyingi huchemka baada ya gari kusimama. Likiwa mwendoni upepo unapooza diski. Likisimama upepo unakatika, na joto la diski linapanda kupitia pedi na pistoni hadi kwenye mafuta. Kwa sababu hiyo dereva anayeingia piti huambiwa asiendelee kukanyaga breki gari likisimama, kwani pedi iliyobanwa kwenye diski ya moto ni daraja la kupitishia joto. Kwetu mtu anashuka Sekenke na mzigo, akiwa ameweka gia ya nyutro ili aokoe mafuta, anafika chini, anasimama na kubaki amekanyaga pedeli huku akinunua karanga dirishani. Akiondoka, pedeli hana.

Ugonjwa wa tatu ndio unaokula pesa za watu bure. Kanyago la kwanza linakwenda mbali, la pili linashika vizuri kabisa. Mwaka jana mwenye Hiace moja ya abiria alikuja kwangu akiwa amekwisha kubadilisha masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli ya breki, mara mbili kwa mafundi wengine, kutoa upepo kwenye mafuta ya breki sijui mara ngapi, na kununua pedi seti tatu. Nilipandisha gari, nikashika tairi la mbele kulia kwa juu na kwa chini, nikalitikisa. Likagonga: ko, ko. Beringi inayozungushia gurudumu ilikuwa imelegea. Kila gari lilipopita kwenye mashimo, diski iliinama kidogo, ikasukuma pedi na pistoni zirudi ndani ya kalipa, na kanyago la kwanza likatumika kuzirudisha mahali pake tu. Tuliweka beringi mpya, na masta silinda ya pili, ambayo haikuwa na kosa lolote, inafanya kazi mpaka leo. Madereva wa Bathurst hupambana na jambo hilo hilo hata beringi zikiwa nzima, kwa sababu wanapanda kingo za kona kwa kasi na ekseli inajipinda kidogo; ndiyo maana hugusa pedeli kwa mguu wa kushoto wakiwa bado kwenye barabara iliyonyooka, kabla ya kukanyaga kwa dhati. Wanaitafuta pedeli yao mapema.

Nikiri pia ninapotilia shaka mambo. Watengenezaji wengi wanasema mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili, nami huwaambia wateja hivyo, lakini nimetoa mafuta ya mwaka mmoja yaliyochemka na nimetoa ya miaka minne yaliyokuwa bado mazima. Rangi siiamini: meusi si lazima yawe na maji. Ninavyo vipimo viwili vya kalamu vya kupimia maji kwenye mafuta, na vimewahi kunipa majibu mawili kwa mafuta ya chupa moja. Mwisho wa yote naamua kwa kumuuliza dereva njia anazopita na mizigo anayobeba, na sijapata kanuni bora kuliko hiyo.

Kwa Noah ile nilifungua nati ya kutolea upepo, mafuta yakatoka yakiwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nikayasukuma yote nje gurudumu kwa gurudumu, nikaanza na lililo mbali zaidi na masta silinda, nikajaza DOT 4 kutoka kopo lililofunguliwa mbele yake. Kisha tukashuka naye mteremko ule ule kwa gia namba mbili, pedeli ikiwa juu muda wote. Pedi zake nilizirudisha zile zile.